Kabla Hujanunua Rocket, Tazama Silinda Zimekaaje

Pauni 42. Ndizo nilizomtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa mchoro mkubwa wa Rocket, lile garimoshi la mvuke la zamani, nijengee mfano wake mdogo; mchoro ulioandikwa kwa herufi za madoido "kama ilivyokuwa Rainhill, 1829". Nikaubandika ukutani hapa kwangu Manchester, nikakata mabati ya shaba wiki tatu, nikalehemu mpaka vidole vikaungua, nikapaka manjano. Siku ya kulizindua nikamwita jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi wa boila, aje tunywe chai. Akainama, akalitazama pembeni, akauliza, "Hili la mwaka gani?" Nikamjibu kwa fahari, 1829. Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Silinda zangu zilikuwa zimelala.

Nilipowasimulia msiba huo, mlinimiminia ya kwenu. Dada mmoja wa Leicester ameuziwa mchoro huohuo, rangi tu ndiyo tofauti. Kaka wa Muscat yeye amenunua Rocket yenye dohani iliyokatika kichwa, akidhani imevunjika njiani. Basi huu hapa mwongozo wa kununua mfano wa Rocket. Mambo ya mota, kelele na wingi wa vipande kwenye boksi mtayasoma kwingine. Mimi natazama silinda.

Sababu ni hii. Rocket ya Robert Stephenson ilitoka karakana ya Newcastle mwaka 1829, ikaenda kushindana na magarimoshi mengine Rainhill, karibu na Liverpool, mwezi Oktoba kwa zawadi ya pauni 500, ikashinda. Wakati huo silinda zake mbili zilikuwa zimepanda juu huku na huku nyuma ya boila, mwinamo wa zaidi ya nyuzi 30, kama mapaja ya panzi anayetaka kuruka. Ubaya wake, pistoni zikisukuma, garimoshi zima linayumba. Haukupita muda mrefu mafundi wakazishusha silinda hadi zikawa karibu sawa na ardhi, na mbele wakaongeza kasha la moshi. Rocket iliyoingia makumbusho London mwaka 1862 ni hiyo iliyokwisha kupasuliwa na kushonwa. Mchoraji akienda na futi yake, akapima anachokiona kisha akaandika 1829 juu ya karatasi, ameshakupoteza.

Halafu kuna ya tatu. Mwaka 1979 walijenga Rocket mpya inayotembea, kwa ajili ya miaka 150 ya mashindano na ya ile njia ya Liverpool hadi Manchester. Silinda ziko juu, vizuri kabisa. Lakini dohani waliifupisha, maana siku hizi tuta la reli pale Rainhill limeinuka na dohani ndefu ingegonga daraja. Kaka wa Muscat, chako hakikuvunjika. Umenunua ya 1979.

Sasa nipange vya kununua, kuanzia kilicho bora.

Cha kwanza si garimoshi, ni kitabu. Michael Bailey na John Glithero waliichunguza Rocket yenyewe kipande kwa kipande, na Makumbusho ya Taifa ya Reli ya York yakachapisha matokeo mwaka 2000, The Engineering and History of Rocket. Humo unaona kipi ni cha asili na kipi kimewekwa baadaye. Hupatikana mtumba, na kwa mlioko Mombasa au Dar, kitabu husafiri salama kuliko kitu chenye magurudumu. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Historical Model Railway Society, chama cha wapenzi wa mifano ya reli, wana hazina ya michoro, wapo tangu 1950.

Cha pili, na hapa sifichi mapenzi yangu, ni ya Hornby, kampuni ya Uingereza ya magarimoshi ya mfano, ile Rocket mpya waliyoitoa 2020 walipokuwa wakitimiza miaka 100. Silinda zimepanda juu inavyotakiwa, na unapata mabehewa ya manjano ya abiria wa daraja la kwanza. Frank Hornby mwenyewe alikuwa mtoto wa Liverpool, basi hata kama kampuni ya leo ina ukoo mwingine uliochanganyika, mimi naona hii ni mali iliyorudi nyumbani. Nitaambiwa napendelea. Ndiyo, napendelea.

Kosa moja nalikiri, ingawa si lao peke yao. Magurudumu makubwa ya Rocket yalikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 8½, sawasawa na nafasi kati ya reli mbili. Kwa hiyo ukitazama garimoshi la kweli, gurudumu likilazwa chini lingegusa reli zote mbili. Kwa skeli ya milimita 4 kwa futi, gurudumu linatoka milimita 18.8, lakini reli za OO, saizi ya hii ya Hornby, zimeachana milimita 16.5 tu. Kwenye magarimoshi mengine jicho husamehe. Kwenye Rocket, ukishajua, hulali. Pole kwa kukuambia.

Cha tatu, Rocket ya 1963 ya Tri-ang, kampuni ya zamani ya vinyago ya Uingereza, mtumba. Ina sura yake ya kizamani ninayoipenda, lakini muulize muuzaji picha ya ubavuni, si ya mbele. Akikataa, ondoka.

Cha nne, boksi la plastiki la Dapol la kuunganisha kwa gundi. Rahisi, halitembei, zuri la kuwapa watoto.

Cha mwisho kabisa ni hiyo michoro ya kuchapishwa kwa oda, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mechanics' Magazine la 1829 lilichapisha picha za mashindano yaleyale, na kitabu cha Nicholas Wood kuhusu reli, toleo la 1831, kina michoro iliyochorwa watu wangali na masizi mikononi. Vyote vimeshaskaniwa, unavipakua bila senti. Wachuuzi wanavipakua vilevile, wanavikuza mpaka mistari inakuwa ukungu, wanaongeza fremu ya kahawia ionekane ya kale, wanakuuzia. Afadhali hata hao wanakuibia kitu cha kweli! Wa kwangu aliniuzia mwaka usio wake, na nilipodai fedha akajibu kwamba karatasi ilifika haijachanika.

Jana nimepita tena dukani kwake. Mchoro uleule, maneno yaleyale, 1829. Sasa ni pauni 48.