Kabla ya Kununua Santuri ya Kantri-Roki, Tazama Tundu Lake

Mwezi wa Machi nilipokea santuri niliyokuwa nimeisubiri kwa wiki saba, kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo aliyeniandikia kwamba ilikuwa safi kabisa na haijapigwa hata mara moja. Alisema kweli. Haikuwa na mkwaruzo, jalada lake halikuwa na kona iliyokunjika, na karatasi ya ndani ilikuwa bado inanukia kiwanda. Nyimbo za mwanzo zilinifurahisha mno. Ulipofika wimbo wa mwisho wa upande A, wimbo wa taratibu wenye kinanda na gitaa la stili, sauti ilianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba huku akibembea. Nilidhani mkanda wa gramafoni umelegea, nikaweka santuri nyingine, ikatulia. Nikairudisha ile mpya, nikainama hadi macho yangu yakawa usawa wa sindano, ndipo nilipouona mkono wa gramafoni ukienda kulia na kushoto kila sahani ilipomaliza mzunguko. Tundu la katikati halikuwa katikati.

Albamu hiyo sitaitaja kwa jina, kwa sababu yawezekana nakala nyingine zake ni nzima. Lakini tangu niliposimulia mkasa huo, wasomaji kadhaa wamenieleza kwamba nao walikutwa na jambo hilo hilo bila kulijua. Mmoja wao aliamini kwa miaka miwili kwamba mpiga gitaa wa bendi anayoipenda hakuwa amekaza nyuzi zake sawasawa. Wengi wameomba orodha ya albamu za pop ya magitaa na kantri-roki kutoka lebo huru, yaani kampuni za muziki zisizo chini ya kampuni kubwa, zinazofaa kununuliwa, wakauliza pia kama santuri ya gramu 180 ni bora kuliko nyepesi, na kama nyeusi huzidi za rangi. Maswali hayo yamejibiwa mara nyingi na wengine. Mimi nitazipanga albamu hizi kwa kutazama zaidi jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, yaani wimbo unaofunga kila upande na namna unavyoweza kuharibiwa na tundu lililotobolewa kombo.

Santuri ya kawaida huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Tundu likikosea kwa nusu milimita tu, sindano husogea ndani na kurudi nje katika kila mzunguko, kasi ya mfereji wa sauti unaopita chini yake hubadilika, na noti hupanda na kushuka. Kwenye ukingo wa nje, ambako mfereji uko milimita 146 hivi kutoka katikati, mabadiliko hayo ni kama asilimia 0.3 juu na chini, na masikio mengi hayayatambui. Kwenye mfereji wa mwisho, ulio milimita 60 hivi kutoka katikati, kosa hilo hilo huzidi asilimia 0.8 juu na asilimia 0.8 chini. Ukijumlisha, sauti huyumba kwa zaidi ya robo ya hatua iliyopo kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kile kinachokifuata. Ndiyo maana wimbo wa kwanza unaweza kukupumbaza na wa mwisho ukakuumiza.

Muziki wenye ngoma nyingi na noti fupi huifunika kasoro hii. Muziki tunaouzungumzia hapa hauifuniki hata kidogo. Gitaa la stili la pedali hulazwa mbele ya mpigaji, naye huteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu na magoti yake yakibadilisha sauti zake, na noti moja huweza kudumu kwa sekunde tano au sita bila kukatika. Katika sekunde hizo santuri imezunguka mara tatu, na noti imetikiswa mara tatu. Kwa kuwa gitaa hilo lina desturi ya kuteleza, msikilizaji hudhani mtikisiko ni wa mpigaji mwenyewe, akamlaumu mtu asiye na hatia.

Wanunuzi wa lebo huru huumia kuliko wengine kwa sababu ya namna kosa linavyozaliwa. Kila upande wa santuri hukandamizwa kwa kalibu yake ya chuma, nayo kalibu lazima itobolewe katikati kabla ya kufungwa mashineni. Ikitobolewa kombo, kila santuri itokayo humo hurithi kombo hilo, na kalibu moja huweza kutoa takriban santuri elfu moja kabla ya kuchoka. Kampuni kubwa inayochapisha nakala laki moja hutumia kalibu nyingi, hivyo ukibadilishiwa nakala unaweza kubahatika. Lebo ndogo iliyoagiza nakala 500 huenda ikazipata zote kutoka kalibu moja, na muuzaji anayekuahidi kukuletea nyingine anakuahidi kosa lile lile katika jalada jipya. Kumbuka pia kwamba kalibu ni mbili, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuwa mzima na wa pili mbovu. Usiridhike kwa kujaribu upande A peke yake.

Nafasi ya kwanza naipa Saint Cloud ya Waxahatchee, iliyotolewa na Merge Records mwaka 2020, na sifichi kwamba Merge ndiyo lebo ninayoipenda kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 1989 huko North Carolina na Mac McCaughan na Laura Ballance, wanamuziki wa bendi ya Superchunk, ili watoe kazi zao wenyewe na za rafiki zao. Nina santuri kumi na moja za Merge, na mkono wa gramafoni haujapata kuyumba juu ya hata moja. Saint Cloud ni kazi ya Katie Crutchfield, mwenyeji wa Alabama anayetumia jina la Waxahatchee, aliyeziandika nyimbo hizi baada ya kuacha pombe, akisaidiwa na wanamuziki wa bendi ya Bonny Doon ya Detroit. Magitaa yake yana nafasi kubwa kati yao, kila noti unaisikia ikianza na ikiisha, na sauti ya Katie imewekwa mbele bila kufunikwa. Albamu hufungwa na wimbo wenye jina lake, wa taratibu sana, wenye ala chache. Kwenye nakala mbovu wimbo kama huo usingestahimilika. Kwenye yangu ulisimama wima hadi noti ya mwisho, nami nikaurudia mara tatu usiku huo huo. Kama una fedha za santuri moja tu mwaka huu, nunua hii.

The Good Earth ya The Feelies, bendi ya New Jersey, ndiyo ya pili. Ilitolewa mwaka 1986 na lebo ya Coyote, na mwaka 2009 Bar/None ikaitoa upya. Mapigo ya magitaa ya akustika yanakwenda mfululizo kama mvua ya masika juu ya bati, magitaa ya umeme yakipita juu yake, na sauti za waimbaji zimewekwa nyuma kiasi kwamba lazima uzitegee sikio. Nimeipa nafasi hii kwa sababu ni salama: kwa kuwa magitaa hayanyamazi na noti ndefu ni chache, hata nakala yenye kombo dogo husikilizika. Anayeanza kununua, ambaye bado hajajifunza kuitambua kasoro hii, hawezi kupotea sana hapa.

Mmoja wa watayarishaji wa The Good Earth alikuwa Peter Buck, mpiga gitaa wa R.E.M., na albamu ya kwanza ya bendi yake, Murmur ya mwaka 1983, ndiyo ninayoiweka ya tatu. Ilitolewa na I.R.S. Records, ikatayarishwa na Mitch Easter na Don Dixon, na wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliichagua kuwa albamu bora ya mwaka huo, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa imetawala dunia. Upande A hufungwa na Perfect Circle, wimbo wa kinanda, na kinanda ndicho ala isiyosamehe kabisa: kitufe kikishabonyezwa, mpigaji hawezi kuipindisha noti, kwa hiyo mtikisiko wowote unaousikia umetoka kwenye santuri. Albamu hii ingekuwa ya kwanza kama ningekuwa na hakika na kila nakala. Uzuri ni kwamba imechapishwa mara nyingi, hivyo ukipata mbovu unaweza kutafuta chapa nyingine, si nakala nyingine ya chapa ile ile.

Ya nne ni March 16–20, 1992 ya Uncle Tupelo, iliyotolewa na Rockville na kutayarishwa na huyo huyo Peter Buck huko Athens, Georgia, katika siku tano zinazotajwa na jina lake. Vijana hawa wa Belleville, Illinois, waliziweka kando kelele za albamu zao mbili za awali, wakachanganya nyimbo zao na nyimbo za zamani za wachimba makaa ya mawe na za kanisani. Mwimbaji wao Jay Farrar huzivuta irabu zake kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, hasa katika Moonshiner, na sauti ya aina hiyo haitaki kutikiswa. Bendi ilivunjika mwaka 1994, ikazaa bendi za Son Volt na Wilco, lakini mimi huirudia hii kabla ya zote zilizofuata.

Msomaji aliyelelewa na redio zetu, akizoea Jim Reeves na Kenny Rogers kila Jumapili, pengine ataingia kwa urahisi zaidi kupitia albamu ya Lucinda Williams ya mwaka 1988 iliyobeba jina lake. Kampuni za roki zilimwambia nyimbo zake ni za kantri mno, na za kantri zikamwambia ni za roki mno, hadi Rough Trade, lebo ya Uingereza iliyojulikana kwa muziki wa punk, ikamkubali. Wimbo wake wa Passionate Kisses baadaye uliimbwa na Mary Chapin Carpenter na kumpatia Lucinda tuzo ya Grammy kama mtunzi. Albamu hiyo ilikosekana madukani kwa miaka mingi hadi ilipotolewa tena mwaka 2014.

#1 Record ya Big Star, ya mwaka 1972, iko chini kuliko inavyostahili kimuziki. Ilirekodiwa Memphis na kutolewa na Ardent, ikasambazwa kupitia Stax kwa namna mbaya kiasi kwamba waliotaka kuinunua hawakuikuta madukani. Leo nakala za chapa ya kwanza zinauzwa kwa bei inayonikasirisha, kwani albamu iliyonyimwa wanunuzi wa kawaida wakati wake sasa inanyimwa tena wanunuzi wa kawaida. Nunua toleo jipya. Ya mwisho katika orodha yangu ni Manning Fireworks ya MJ Lenderman, iliyotolewa na lebo ya ANTI- mwaka 2024, albamu nzuri yenye gitaa la stili, ambayo hufungwa na wimbo wa takriban dakika kumi unaomalizikia katika mvumo mrefu. Mvumo huo ni mtihani wa tundu kuliko wote ninaoujua, nami nisingeinunua bila kuonyeshwa kwanza nakala yenyewe.

Mwenye bajeti ndogo anunue CD za mtumba, ambazo hazina ugonjwa huu.

Sasa niseme kuhusu wauzaji. Nilipomwandikia yule aliyeniuzia, alijibu kwamba santuri haina mkwaruzo na kwa hiyo hana la kurudisha, ila nikitaka naweza kuirejesha kwa nauli yangu. Nauli hiyo ilizidi bei ya santuri. Nilikuwa nimekwisha lipa bei ya juu, usafirishaji wa ndege, na kodi ya kuingiza mzigo Nairobi, na hakuna hata shilingi moja ya hizo ambayo angeweza au angetaka kunirudishia. Kwa wauzaji wengi neno "safi" huhusu uso wa santuri peke yake, kwa sababu hukagua kwa taa na hawapigi. Wanajua kueleza rangi ya plastiki kwa maneno hamsini na kupandisha bei kwa ajili ya rangi hiyo, lakini hawatenganishi tundu zima na bovu. Mnunuzi aliye mtaa wa pili hurudi dukani kesho yake. Sisi tulio mbali ndio tunaobaki na mzigo.

Kwa hiyo omba video kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji aishike simu juu ya mkono wa gramafoni bila kuugusa, apige wimbo wa mwisho wa kila upande, na arekodi mizunguko kumi, ambayo ni sekunde 18 tu. Mkono ukisogea taratibu kuelekea katikati bila kuyumba, lipa. Akikataa kurekodi sekunde 18, mwache na santuri yake.

Kwa aliyekwisha kununua mbovu, kuna njia niliyoijaribu mwenyewe. Niliazima kwa fundi seremala wa jirani tupa nyembamba ya mviringo, nikalipanua tundu polepole hadi santuri ikaweza kusogea kama milimita moja kuzunguka kigingi cha katikati ya gramafoni, nikapangusa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuigeuza. Kisha nikaweka sindano kwenye wimbo wa mwisho, nikautazama mkono unakoelekea, nikainua sindano, nikaisukuma santuri kwa kidole upande uliohitaji, nikarudia. Mara ya nne mkono ulitulia. Nimechora alama ndogo ya penseli kwenye karatasi ya katikati, mahali inapopaswa kuelekea kigingi, na sasa kila ninapotaka kuusikia ule wimbo wa kinanda na stili huipanga kwanza kwa alama hiyo.