Uzoefu wangu: seti ya kupanda viungo ndani, niko Dodoma chumba na sebule

Naandika hii maana tangu niweke picha za minti yangu status naulizwa kila siku nimenunua wapi. Mi nimepanga Nkuhungu, chumba na sebule, uwani ni saruji tupu na kuku wa mama mwenye nyumba, kwa hiyo kupanda kitu nje sahau, wanakula mpaka ndala. Mwezi wa 6 nikakutana na tangazo Instagram, seti ya kupanda viungo ndani, "ogani asilimia 100", yaani isiyotumia mbolea wala dawa za kiwandani, vikopo 5 na visahani vyake, tofali 2 za makumbi ya nazi yaliyosagwa na kugandamizwa, mbegu za rehani, giligilani, minti, rozimeri na kitunguu majani, halafu pakti ya mbolea. 65,000, mzigo unapanda basi toka Dar na 5,000 ya usafiri juu yako. Nikaona isiwe tabu, nikatuma hela.

Mzigo ulifika siku ya pili, hapo sina neno. Na vikopo vyenyewe ni vizuri kweli, hadi leo natumia.

Sasa mbolea. Nafungua nakuta vidonge vya bluu, pakti imebandikwa karatasi yenye jina la duka lao, nikaibandua taratibu kwa ukucha, chini yake imeandikwa NPK. NPK jamani! Hiyo si ndo ya kiwandani ile ile watu wanaweka kwenye mahindi, sikatai mtu kuitumia ila usiniuzie kwa jina la ogani. Kuna alama ya Kilimohai ya kutambulisha bidhaa za ogani, ya Afrika Mashariki nzima, ipo toka 2007 na masharti yake mbolea za viwandani hazimo, nikageuza kila kitu kwenye ule mzigo, hamna. Kumuuliza muuzaji ananijibu "dia hiyo ni ya asili, inatoka kwenye madini ya ardhini." Nikamjibu, akasoma, kimya mpaka leo.

Basi nikaiweka pembeni nikapanda hivyo hivyo. Karatasi ya maelekezo inasema mwagilia kila baada ya siku 3, labda huko kwenye joto lenye unyevu, Dodoma kiangazi na ule upepo wa mwezi wa 7 unamwagilia asubuhi jioni juu pamekauka kauu. Halafu maji yetu mnayajua, yale ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Baada ya wiki 3 juu ya vikopo kulikuwa na unga mweupe kama mtu kanyunyizia chumvi ya mezani, majani ya giligilani yanaungua kingo, kumbe na makumbi yenyewe yasipooshwa vizuri yanakuja na chumvi yake. Rehani iliota vizuri tu ila niliiacha dirishani usiku, baridi ikaipiga, asubuhi nyeusi tii.

Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba. Aliingia kudai hela ya umeme, akashika tofali moja lililobaki, akalinusa, "Yaani mwanangu umetuma hela Dar wakakuletea makumbi?" Alicheka mpaka akakaa. Jumapili akaniletea kiroba cha samadi ya mbuzi toka kwao Bahi, ile ya zamani iliyokwisha kuoza, haina joto wala harufu, tukachekecha, tukachanganya na mchanga wa korongoni na yale makumbi baada ya kuyaosha mara 3. Maji nikaanza kutumia yale niliyooshea mchele, maana mchele naosha kwa maji ya madumu ya kununua, si yale ya chumvi, na mvua zilipoanza mwezi wa 12 nikawa nakinga ndoo chini ya bati.

Mbegu nazo, giligilani yao ziliota 4 tu, nikanunua ya 500 Majengo sokoni, ile ile ya kuweka kwenye pilau, nikaiponda kidogo ipasuke nusu nusu, nikailoweka usiku mmoja, baada ya siku kama 10 kopo zima kijani. Minti yao haikuota kabisa. Niliyonayo ni fungu la sokoni, nilichomoa vijiti 3 nikaviweka kwenye glasi ya maji juu ya friji, vikatoa mizizi, nikavipanda, sasa hivi nakata ncha kila wiki za chai na bado inajaa.

Utitiri uliwahi kuingia, vile vidudu vinavyosuka utando chini ya majani hewa ikiwa kavu, nikaosha majani na maji ya muarobaini uliotwangwa na kulowekwa usiku. Nyumba ilinuka siku 2.

Nyota 2 kati ya 5 na zote ni za vikopo. Mtu wa hapa Dodoma asinunue, aje nimpe vijiti vya minti bure, ila samadi ajitafutie, ya mama imeisha. Rozimeri naisubiri mpaka leo.