Memori pepe imeisha, fundi kasema ni mazabodi (uzoefu wangu)

Jamani ngoja niandike hii maana nimeteseka miezi miwili na kitu cha dakika tano.

Mashine yangu ni desktopu ya mtumba, Core i5 kizazi cha tatu, RAM (memori ya kufanyia kazi) 4GB, hadidiski ya 500GB, Windows 10. Najua sapoti ilikatwa Oktoba 2025 ila Windows 11 haizitaki prosesa za umri huu, tumebaki nayo hivyo hivyo. Mama watoto anaweka hesabu za kikoba kwenye Excel, watoto wanafungua Chrome na tabu kama ishirini eti za notsi za shule, mimi mpira. Ilikuwa nzito lakini inaenda.

Shida ilianza nilipoipeleka kwa fundi aipulize vumbi. Akanirudishia anacheka, "bosi nimekuongezea nafasi kwenye C, sasa itakimbia". Kweli bwana, C (sehemu ya diski inapokaa Windows) ilikuwa nyekundu kabisa, nikakuta imepata kama giga 5 zaidi. Nikampa na ya soda.

Wiki ile ile jioni kikaanza kutokea kiboksi kwamba kompyuta imeishiwa memori, seva kazi zako ufunge Chrome. Ukikipuuza kioo kinakuwa cheupe pee, mausi inaganda, halafu Excel inajifunga yenyewe bila kuaga. Siku moja marejesho ya Jumapili yote yakapotea, akina mama 23, ikabidi yaandikwe upya kutoka kwenye daftari, na mnaweza kuwaza humu ndani kulikuwaje usiku ule.

Narudi kwa fundi, ananiambia mazabodi (ile bodi kuu ya mashine) imechoka, lete laki na themanini. Hapo ndo nikashtuka.

Nikafungua Task Manager (Ctrl+Shift+Esc), nikaenda Performance, Memory, pale kwenye Committed nikaona 3.7/3.9 GB, yaani memori ambayo programu zimeshachukua na limiti yake. Ile namba ya pili ndo iliyonifumbua macho, maana ni RAM yangu tupu! Inatakiwa iwe kubwa kuliko RAM, kwa sababu Windows inajumlisha RAM na faili moja lililofichwa huko C linaitwa pagefile.sys, ndo memori pepe yenyewe hiyo. RAM ikibanwa, vitu ambavyo havijaguswa muda mrefu vinashushwa kwenye diski, kama mama ntilie anavyoshusha chini masufuria meza ikijaa sahani. Sasa fundi wangu alichofanya ni kulizima hilo faili ili C ionekane ina nafasi. Zile giga alizonizawadia zilikuwa zangu mwenyewe, na soda nikamnunulia.

Kurekebisha: Windows+R, unaandika sysdm.cpl, unaingia Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change. Nikakuta kweli imetikiwa "No paging file". Nikaweka Custom size, 4096 mwanzo na 8192 mwisho, hizo ni MB, nikabonyeza OK, nikaristati, hola. Nikarudia, hola tena, nikaanza kuamini ile habari ya mazabodi. Kumbe kuna kitufe cha Set lazima ukibonyeze kabla ya OK, usipokibonyeza haikusevu na wala haikwambii kitu. Safari hii limiti ikapanda hadi 7.9. Picha za harusi nikazihamishia D ili faili lipate pa kukua.

Kile kiboksi sijakiona tena tangu siku hiyo. Ila nisiwadanganye, spidi bado ilikuwa majanga, ukitoka Excel kwenda Chrome unaisikia diski inanguruma na unasubiri mpaka unasahau ulichofuata. Diski ya kuzunguka sio RAM. Ni sawa na kukopa kwa Mangi, utakula usiku huo lakini kila ukipita dukani unaitwa.

Mwisho wa mwezi nikaenda Kariakoo kununua RAM, na kwa kujifanya mjuaji nikachukua RAM ya aina ya DDR4 bila kuuliza, nafika nyumbani ule mkato wa katikati haulingani na sloti, mashine hii ni DDR3. Nikarudi tena, stiki ya 4GB DDR3 ya mtumba elfu 30. Kwa kuwa ni mtumba nikaipima kwanza na mdsched, ile programu ya Windows inayoristati mashine na kukagua RAM, ikapita safi. Sasa ni 8GB, Chrome na Excel zinakaa pamoja bila ugomvi, na pagefile nimeirudisha kwenye otomatiki. Kuna mshikaji ananiambia niizime kwa sababu RAM imeongezeka, nimemwambia hapana, nimeshasoma kwa machozi.

Kurudisha pagefile naipa 3 kati ya 5, inazuia ajali lakini haikimbizi mashine. Kuongeza RAM 5 bila ubishi. Fundi mnajua wenyewe.

DDR4 bado ninayo kwenye kifungashio, muuzaji kagoma kuirudisha, mwenye mashine inayoikubali tuongee.