Unga wa kukoroga, kontena mbili na presha yangu: uzoefu wa miezi saba

Mwezi wa pili mwaka huu nilipimwa presha ikasoma 158/97, na mizani ikagonga kilo 94. Daktari aliniandikia dawa, akasema nipunguze chumvi na uzito. Baba yangu alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nilianza na unga wa kopo, ule unaokorogwa na maji ukanywewa badala ya mlo. Kikombe kimoja kina kalori 220 na protini gramu 18. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, mchana nakula cha nyumbani. Kopo ni shilingi 98,000 na linaisha kwa wiki, maana yake karibu laki nne kwa mwezi. Kwa wiki sita nilipungua kilo 5, hilo silikatai. Lakini choo kilikuwa kigumu, na jioni wanangu wakila mimi nakaa sebuleni na kikombe changu kama mgeni.

Najua vinywaji hivi vina kazi yake. Ule utafiti wa Uingereza wa DiRECT, uliotoka 2017, uliwaweka wagonjwa wa kisukari aina ya pili kwenye kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, na baada ya mwaka karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Ila walikuwa chini ya wauguzi na wataalamu wa lishe, kisha wakarudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua. Kopo langu lilikuja na kijiko cha kupimia tu.

Nikahamia chakula cha kuletewa ofisini. Kampuni ya kwanza ilinivutia kwa picha: kuku wa kuchoma, karoti, wali kiduchu, kalori zimeandikwa juu ya mfuniko. Kilo 2 nyingine zikaondoka. Lakini usiku nilikuwa naamka na kiu, na pete ya ndoa ikawa haivuki kifundo cha kidole. Nikapima presha nyumbani: 149/94, na dawa nameza kila siku! Nilipopiga simu kuuliza, dada wa jikoni akanijibu bila kuficha kwamba kuku wanalazwa kwenye vidonge vya supu na soya sosi. Baadaye wakanitumia vipimo: sodiamu, ile madini iliyo ndani ya chumvi, miligramu 980 kwa kontena moja. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi, inakaribia gramu 2 na nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Nusu ya siku yangu ilikuwa ndani ya kontena moja, na kalori zake zilikuwa sahihi kabisa. Hilo liliniuma, kwa sababu waliniuzia kama chakula cha moyo.

Sasa hivi napikiwa na mama mmoja huku kwetu Tabata, shilingi 7,000 kwa mlo. Ugali wa dona saizi ya ngumi, maharage, mchicha mwingi, samaki wa kuoka aliyelazwa kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Siku za kwanza niliona chakula hakina ladha, mkono ukawa unatafuta kichupa cha chumvi. Kufika wiki ya tatu, ulimi ulishazoea, na chipsi za ofisini zikawa zinanichoma mdomo. Kasoro yake ni kuchelewa. Mara nyingine kontena linafika saa nane na njaa imeshanipeleka kwenye maandazi.

Leo nina kilo 82, presha ya jana asubuhi 127/81. Dozi ya dawa imepunguzwa, na aliyeipunguza ni daktari. Wewe mwenye presha kama mimi, kabla hujalipia mwezi mzima uliza sodiamu ni kiasi gani kwa kila kontena, na nyama inalazwa kwenye nini. Mama wa Tabata nilipomuuliza, alinifungulia sufuria nionje.