T.R.U.E. Test: vibandiko 36, na kero iko kwenye visivyokuwamo

T.R.U.E. Test ni kipimo kizuri ambacho wengi hukitarajia kazi isiyo yake. Hubandikwa mgongoni kutafuta kitu kinachogusa ngozi na kuiletea mzio: metali ya kishikizo cha mkanda, kihifadhi cha losheni, mpira wa glovu, rangi ya nywele. Kwa kazi hiyo tunakipa alama za juu. Akija mtu mwenye pumu ya ngozi tangu utotoni akitaka kuambiwa "chanzo" chake, au mwenye mabaka ya kuvimba na kuwasha yanayotokea na kupotea ndani ya saa chache, hapa si mahali pake. Pumu ya ngozi hutambuliwa kwa macho, mikono na historia ya mgonjwa, wala hakuna kibandiko kinachoithibitisha. Ila mwenye pumu ya ngozi anaweza pia kuwa na mzio wa losheni yenyewe anayojitibu nayo, na huyo ndiye hunufaika sana na kipimo hiki, hasa kama upele umegoma kupona licha ya dawa au umehamia usoni, kwenye kope au viganjani.

Kifurushi kina paneli tatu za gundi, kila moja ikiwa na vibandiko 12. Jumla ni 36, lakini vyenye kichochezi cha mzio ni 35, kwa kuwa namba 9 imeachwa tupu kwa makusudi ili iwe ya kulinganishia. Kila kichochezi kimepakwa kiwandani kwa kipimo maalumu, ndani ya utando mwembamba wa jeli juu ya kipande cha poliesta. Jeli hiyo ni kavu. Unyevu wa ngozi ukifungiwa chini yake, inavimba na kukiachia kichochezi taratibu. Uzuri mkubwa wa bidhaa hii uko hapo: nikeli anayobandikwa mgonjwa wa leo ni sawa na atakayobandikwa wa mwezi ujao, na muuguzi hahitaji kukamua wala kupima chochote. Paneli hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Ubandikaji wenyewe ni kazi ya dakika tano, na makosa yake nayo huzaliwa ndani ya dakika hizo tano. Ngozi ya mgongo wa juu iwe safi, kavu, bila losheni, bila chunusi nyingi na bila upele unaowaka. Mwenye nywele mgongoni azipunguze kwa mashine siku moja au mbili kabla, maana wembe wa asubuhi ya kipimo huacha mikwaruzo ambayo baadaye itasomwa kama mzio. Paneli huwekwa pembeni mwa uti wa mgongo, hulainishwa kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke, kisha kila kibandiko hukandamizwa kwa kidole. Mwisho muuguzi huchora alama kwenye ngozi. Alama zikifutika, siku ya kusoma hakuna anayejua kama doa lililovimba ni namba 14 au 15, na tofauti ya majina hayo mawili ni tofauti ya maisha mazima ya mgonjwa na bidhaa zake. Omba zichorwe vizuri, na zikianza kufifia nyumbani mtu mwingine azipitie tena kwa kalamu.

Kwa saa 48 zinazofuata mgongo hauoni maji. Kuoga ni kwa kitambaa, sehemu za chini na mbele. Hakuna mazoezi ya kutoa jasho, hakuna kubeba begi la mgongoni, hakuna kumwomba mtu akukune. Paneli iliyobanduka kona kabla ya siku ya pili hutoa jibu hasi la uongo, na hakuna namna ya kulirekebisha zaidi ya kurudia. Kuwashwa mahali pamoja ni kawaida, pengine ndilo jibu lenyewe linajitokeza. Maumivu makali au hisia ya kuungua ni jambo jingine: piga simu kliniki, na kibandiko hicho kitolewe.

Sasa kero yetu. Orodha ya 35 ni ya busara lakini ni fupi. Imo nikeli, kobalti, kromiamu ya ngozi za viatu, lanolini ya sufu ya kondoo, neomaisini na basitrasini za kupaka vidonda, kolofoni ya utomvu wa misonobari, gundi za epoksi, mchanganyiko wa kemikali za mpira, fomaldehaidi na kadhaa wa ndugu zake, PPD ya rangi za nywele, hata dhahabu. Hayumo HEMA, kinara wa mzio wa akrileti (kemikali zinazoganda kuwa plastiki) unaowapata wanaopaka kucha za jeli na mafundi wanaowapaka. Manukato yanawakilishwa na mchanganyiko wa kwanza wa manukato ya kupimia na balsamu ya Peru, utomvu wa mti wenye harufu, tu. Mchanganyiko wa pili haumo, wala linaloli na limonini, viambato vya harufu vya mimea, zilizooksidishwa kwa hewa, ambazo ni sababu ya kawaida kabisa kwa watu wanaopenda bidhaa "za asili". Kihifadhi methilisothiazolinoni kipo kwa mkopo tu: kimechanganywa na dada yake mwenye klorini, naye dada huyo ndiye mwenye sehemu tatu kati ya nne. Kiasi kinachobaki ni kidogo, kwa hiyo baadhi ya wenye mzio wa methilisothiazolinoni pekee hupita bila kugunduliwa. Hiki ni kihifadhi kilicholeta mzio mwingi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwenye vipodozi visivyosuuzwa mwaka 2017. Bado kimo kwenye rangi za ukuta na sabuni za maji.

Kwa hiyo msusi, fundi wa kucha, daktari wa meno au fundi rangi akipimwa kwa T.R.U.E. Test peke yake na kuambiwa "huna mzio", jibu hilo tunalihesabu kuwa nusu.

Mshindani wake ni mtindo wa kujaza kwa mkono. Vikombe vidogo vya alumini vya Finn Chamber, vilivyobuniwa Finland miaka ya 1970, vina kipenyo cha milimita 8. Vipo pia vya plastiki vya mraba, kama IQ Ultra, vinavyoshika vizuri na visivyomsumbua yule adimu mwenye mzio wa alumini, ambaye kwenye Finn Chamber hujikuta mgongo mzima umevimba duara kwa duara. Kliniki hununua vichochezi ndani ya bomba za sindano, vingi vikiwa vimechanganywa na vaselini nyeupe kwa asilimia maalumu: PPD asilimia 1, HEMA asilimia 2, nikeli asilimia 5 kwa utaratibu wa Ulaya na 2.5 kwa wa Marekani. Kliniki yenye mtindo huu inaweza kubandika mfululizo wa msingi kisha ikaongeza mfululizo wa wasusi, wa meno, wa viatu au wa manukato kulingana na kazi ya mgonjwa. Kwa upana, T.R.U.E. Test haigusi hapa.

Bei ya upana huo ni mkono wa anayejaza. Kikombe cha milimita 8 kinataka takribani miligramu 20 za vaselini. Kikijaa hadi mdomoni, kikikandamizwa kinamwagikia jirani na madoa mawili yanaungana. Kikipakwa kidogo mno, mzio halisi unajificha. Vya maji, kama fomaldehaidi, huwekwa kwa pipeti, mikroliti 15 juu ya kikaratasi, na hujazwa muda mfupi kabla ya kubandika. Akrileti na manukato huvukiza, hivyo vikombe vilivyojazwa tangu jana vikaachwa mezani vinaweza kuwa havina kitu cha maana. Swali zuri la kuuliza mapokezi bila kuona haya: "Mnajaza saa ngapi, na bomba zenu mnazitunza wapi?" Jibu linalotakiwa ni asubuhi ileile, na jokofu.

Ila kinachotenganisha huduma nzuri na mbovu kuliko chapa ya kibandiko ni usomaji. Siku ya pili vibandiko hutolewa, husubiriwa nusu saa ili wekundu wa mkandamizo na gundi utulie, ndipo ngozi isomwe mara ya kwanza. Usomaji wa pili, ulio muhimu zaidi, ni siku ya tatu au ya nne. Wa tatu ni karibu na siku ya saba, na huu ndio unaokatwa na kliniki zenye haraka. Neomaisini, steroidi za kupaka na metali kama dhahabu hupenda kuchelewa. Mgonjwa aliyesomwa siku ya pili tu amelipia kipimo kisichokamilika, hata kama alibandikwa vibandiko mia. Kabla ya kulipa, hesabu ziara: zikiwa chini ya tatu, kubandikwa na kutolewa zikiwemo, tafuta kwingine.

Msomaji hutoa alama kwa ngazi. Alama moja ya kujumlisha ni wekundu ulioinuka, pengine na vipele vidogo. Mbili ni pamoja na malengelenge madogo. Tatu ni malengelenge yaliyoungana, na doa huweza kuvuka mpaka wa kikombe. Wekundu hafifu usioinuka hupewa alama ya kuuliza. Mzio wa kweli kwa kawaida huongezeka au husimama pale pale kati ya siku ya pili na ya nne, ilhali mwasho wa kemikali tu hufifia. Kobalti hupenda kuacha vidoti vidogo vya zambarau kwenye vinyweleo, na nikeli au kromiamu huweza kuotesha vichunusi vya usaha. Vyote viwili humdanganya msomaji mgeni. Mgongo ukiwaka karibu kila mahali, huo ni mgongo wenye hasira. Majibu ya siku hiyo hayaaminiki, na vichache vinavyoshukiwa vinapaswa kurudiwa kimoja kimoja baadaye.

Kwenye ngozi nyeusi maelekezo ya kiwanda yanapwaya. "Wekundu" huonekana kama kahawia iliyokolea au zambarau, na mara nyingi hauonekani kabisa. Msomaji mzuri huzima taa ya juu, huwasha ya pembeni ili kivuli cha uvimbe kionekane, kisha hupitisha ncha za vidole juu ya kila doa akihisi ugumu na vipele. Asiyegusa mgongo hajausoma. PPD nayo huacha doa jeusi la rangi lisilo na maana yoyote kama halijainuka. Tahadharishwa pia kwamba jibu kali linaweza kuacha baka jeusi kwa miezi.

Dawa huharibu kipimo kimyakimya. Steroidi ya kupaka isiguse mgongo kwa wiki nzima kabla, na mgongo usiwe umechomwa na jua kali siku za karibuni. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, inayozidi mg 10 kwa siku huweza kuzima majibu, lakini usiiache mwenyewe, mwambie daktari apange. Setirizini na loratadini, dawa za mzio za kumeza, hazina shida hapa. Zinasumbua kipimo kingine, kile cha kudunga ngozi ya mkono kwa tone la chavua, vumbi au chakula, kinachosomwa baada ya dakika 15 hadi 20, na ambacho huhitaji uziache siku kadhaa kabla. Kliniki inayokupa maelekezo ya kipimo kimoja kwa kingine haijui inachouza. Na inayokuuzia kipimo cha nywele, au cha damu cha kingamwili za IgG kwa vyakula mia mbili ili kutibu upele, inajua vizuri sana inachouza.

Nenda na bidhaa zako zote, na maboksi yenye orodha ya viambato. Losheni na vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi huweza kubandikwa kama vilivyo. Sabuni, shampuu na dawa za kufulia haziwekwi bila kuzimuliwa kwa kiwango kinachojulikana, kwa sababu zitaunguza ngozi ya mtu yeyote na kuonekana kama mzio. Losheni inayoshukiwa lakini kibandiko kimekaa kimya, ipake mara mbili kwa siku kwenye eneo la sentimita 5 kwa 5 karibu na kiwiko, hadi wiki mbili. Upele ukizuka, acha.

Tunaweka hatari moja wazi, kwa kuwa vipeperushi huipitia mbio: mara chache sana kipimo chenyewe huzalisha mzio mpya, PPD ikiwa mshukiwa wa kawaida. Doa linalozuka siku ya kumi au baadaye halipuuzwi. Lipige picha, urudi.

Karatasi ya majibu ndiyo bidhaa unayoondoka nayo, na nyingi ni mbovu. "Nikeli ++, dhahabu +, timerosali +" haitoshi. Dhahabu na timerosali (kihifadhi cha dawa) mara nyingi huwaka bila kuhusiana na upele uliomleta mtu, na daktari anapaswa kuandika hivyo mbele ya kila jina. Kwa kihifadhi kwatenamu-15 au fomaldehaidi, karatasi itaje na majina ya ndugu wanaoachia fomaldehaidi, kama DMDM hidantoini, bronopoli na urea za imidazolidinili na diazolidinili, yaandikwe kwa herufi zilezile zilizo kwenye chupa ili uyalinganishe dukani. Kwa mwenye nikeli, omba na kichupa cha dimethiliglaioksimu: matone machache kwenye pamba, sugua kishikizo au mkanda wa saa kwa nusu dakika, na pamba ikigeuka waridi kitu hicho hakirudi mwilini. Kisha ipe ngozi wiki sita hadi nane za kuepuka kikamilifu kabla ya kusema kipimo kilikosea.