Taa za Krismasi Dar: nililipa 60,000, tukafurahi kwa 200

Kila Desemba ikiingia, wanangu wana swali moja: "Mama, mwaka huu tunaenda wapi kuona taa?" Wameshaona kwenye televisheni miji ya watu imepambwa, theluji mpaka magotini. Sisi tunakaa Kimara Baruti. Theluji tuliyo nayo ni ile inayoganda kwenye friji.

Krismasi iliyopita tulibaki mjini. Mume wangu ni Mchaga wa Marangu, na mnajua Mchaga asipokwenda kwao Kilimanjaro "kuhesabiwa" Desemba lazima awe na sababu ya kueleweka. Yetu ilikuwa ada ya Januari, watoto watatu. Nikasema basi, kama tunabaki, mji wenyewe tuutumie, maana Dar ya siku zile ina raha yake: foleni imepungua, mabasi ya Mbezi Luis yameondoka na nusu ya majirani, unavuka barabara bila kuomba dua. Tukatoka mara tatu. Naandika kwa mzazi mwenzangu ambaye saa hizi yuko na kalamu anapiga hesabu.

Mara ya kwanza tulilipa. Lilikuwa tamasha la Krismasi kwenye kituo kimoja cha maduka, jina naliacha. Tangazo lilifika kwenye kundi la wazazi wa shule, na ukishaingia mtego huo umekwisha, kwa sababu mtoto wa fulani anakwenda, wako akikosa utasikia mpaka Pasaka. Kiingilio kilikuwa 15,000 kwa mkubwa na 10,000 kwa mtoto. Tulikuwa watano, piga hesabu: 60,000 zimeachwa mlangoni kabla hatujaona hata globu moja.

Nilidhani kiingilio ndiyo kila kitu. Kumbe kiingilio ni ruhusa ya kwenda kulipa ndani. Bembea ina bei yake. Jumba la upepo la kurukia lina bei yake, na dakika kumi zikiisha kijana anapuliza filimbi kama refa. Picha na Baba Krismasi 10,000, na hairuhusiwi kutumia simu yako. Soda sitaki hata kuizungumzia.

Kosa jingine ni langu. Tangazo lilisema saa kumi jioni, nami nikawa mtiifu, saa kumi na nusu tuko ndani. Mwezi wa Desemba jua la Dar linazama karibu saa moja kasoro robo. Kwa hiyo tulikaa saa mbili na zaidi tukiangalia nyaya. Taa zimewashwa kweli, lakini nani ataziona na jua lile? Joto nalo lilikuwa la Desemba yetu, lile la kunata, shati limegandamana mgongoni. Mwanangu wa kati alipofika kwa Baba Krismasi akamwangalia juu mpaka chini, yale makoti mekundu na ndevu za pamba, akageuka: "Mama, Baba Krismasi anatoka jasho." Maskini kijana wa watu akacheka, akaomba maji. Hapo ndipo nilipompenda. Ile picha ya 10,000 ndiyo kitu pekee cha siku ile ambacho sijutii.

Giza lilipoingia, mti ukaanza kupendeza. Ulikuwa mrefu, taa zake zinashuka kama maji, na kwa robo saa hivi nilisahau pesa yangu. Halafu umeme ukakatika. Jenereta ikawaka baada ya muda, lakini ikawasha maduka. Mti ukabaki mweusi katikati ya uwanja, watoto wameuzunguka wanasubiri. Mhudumu akawa anapita, "Mama, vumilieni kidogo, fundi yuko njiani." Fundi hatukumwona. Mdogo alishaanza kulia, tukaondoka.

Tuwe wakweli, vyoo vilikuwa safi, walinzi wako kila kona, na mtoto hapotei kirahisi mle. Kama una mtoto mmoja na mfuko uko vizuri, nenda, ila ingia saa moja usiku, kula nyumbani kwanza, na uliza mlangoni ni nini kimo kwenye kiingilio.

Mara ya pili sikuipanga. Ilikuwa tarehe 23, nimekaa barazani nalalamika, jirani yangu akanisikiliza weee, kisha akasema, "Shoga, si uwapeleke Posta tu, katikati ya mji? Na mimi nakuja na wangu. Idi si mnakula kwetu?" Jirani ni Mwislamu, ana wawili. Baba watoto alikuwa kazini. Tukawa wanawake wawili na watoto watano, tukapanda basi la mwendokasi Baruti kuelekea Kivukoni. Saa kumi na moja jioni umati wote unatoka mjini, ninyi mnaingia, kwa hiyo mnakaa kwenye siti na watoto wanapata dirisha. Teremkeni Posta ya Zamani.

Tulianzia Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Lile jengo lilianza kujengwa 1897 likamalizika 1902, na ukiingia ndani baada ya kelele za barabarani, watoto wenyewe wanashusha sauti bila kuambiwa. Pango la Noeli lilikuwa tayari, na wangu wakakimbilia ng'ombe na kondoo. Mwanangu wa kati, huyohuyo wa jasho, akauliza Yusufu na Mariamu walikuwa wanasafiri kwenda wapi mpaka mtoto azaliwe njiani. Nikamwambia walikwenda kwao Yusufu, Bethlehemu, kuhesabiwa. Akanikazia macho. "Kuhesabiwa? Kumbe Yusufu Mchaga!"

Jirani ilibidi atoke nje akacheke huko.

Binti yake, ambaye anasoma madrasa, yeye alikuwa na malalamiko mengine: mtende uko wapi? Kwenye kisa cha Maryam walichofundishwa, Nabii Isa alizaliwa chini ya mtende, na mama yake akaangukiwa na tende mbivu. Wakabishana pale mbele ya pango, mmoja na ng'ombe zake, mwingine na mtende wake, hadi mzee mmoja aliyekuwa anapanga viti akasogea. Nikadhani tutafukuzwa. Akawasikiliza wote wawili, akasema, "Basi mwakani tutaweka na mtende." Kama aliahidi kweli au alitaka tu amani, sijui, ila binti aliridhika.

Kutoka hapo ni hatua chache kufika Azania Front, kanisa la Kilutheri lenye paa la vigae vyekundu na mnara unaotazama bahari. Siri ni hii: siku mbili tatu kabla ya mkesha, kwaya ziko kwenye mazoezi ya mwisho. Tulikaa kwenye ngazi tukasikiliza. Mwalimu wa kwaya akiwasimamisha, "Sauti ya tatu, mmelala!", wanarudia, wanarudia tena, na watoto wakaanza kuijua ile sehemu ya tatu kuliko wenyewe. Mkesha wenyewe na watoto wadogo siushauri, labda ufike mapema sana upate kiti. Watu wanajaa mpaka nje.

Giza lilipokamata tukafuata barabara ya kando ya bahari mpaka Feri, harufu ya samaki ikitupokea. Hapa ndipo kwenye kichwa cha habari. Nauli ya kivuko cha Kigamboni ilikuwa shilingi 200 kwa mtu mzima. Mnapita getini kwa kadi, mnasubiri kwenye banda, geti likifunguliwa mnakwenda na umati.

Kivuko kikiondoka, msiangalie mnakokwenda. Geukeni nyuma. Maghorofa yote ya Posta yamewaka, na kila taa iko mara mbili, ya juu imetulia na ya chini inacheza kwenye maji. Meli zilizotia nanga nazo zina taa zake. Mnara wa kanisa tulilotoka sasa hivi ukaonekana mdogo kati ya majengo, watoto wakaanza kugombea nani ameuona kwanza. Mdogo, aliyelia kwenye tamasha, akanyoosha kidole kwenye ghorofa la Mamlaka ya Bandari: "Mama, mti ule mkubwa!" Sikumsahihisha. Upepo wa bahari ulikuwa wa bure pia, na baada ya joto la siku ile ningeulipia.

Safari haifiki hata dakika kumi. Tukala mishikaki na chipsi upande wa Kigamboni, tukarudi na kivuko kingine, na wakaomba tena. Tukarudia. Mahesabu ya jioni nzima, nauli na chakula, hayakufika nusu ya kile kiingilio.

Tahadhari ninazo. Wakati wa kushuka, bodaboda, mikokoteni na magari vyote vinataka kutoka kwa pamoja, kwa hiyo shikeni watoto mikono na mwache wenye haraka watangulie. Pochi iwe mbele. Mvua za vuli bado zipo, beba kanga mbili. Na choo! Usiku Posta na watoto watano, kila mmoja anabanwa kwa zamu yake. Pitieni kwenye mgahawa kabla ya kwenda Feri, nunueni hata maji, mtumie cha kwao.

Siku yenyewe ya Krismasi tulikwenda ufukwe wa Coco kama kila mtu. Mihogo ya pilipili ilikuwa mizuri, bahari ilikuwa imejaa vichwa, na gauni jipya la Kariakoo likarudi na mchanga mpaka kwenye kola. Weka namba yako ya simu kwenye mfuko wa mtoto, nenda asubuhi, ondoka saa nane. Sina zaidi.

Nyumbani nako tuliweka taa, za Mtaa wa Kongo, 8,000, zile zinazokuja na kiboksi kinachoimba kama saa ya mkononi. Wimbo mmoja, bila kupumua. Usiku wa pili mume wangu alikata waya wa sauti kwa kisu cha jikoni.

Kwa hiyo tamasha la kulipa nalipatia nyota mbili, moja ni ya yule kijana wa ndevu za pamba. Posta na kivuko nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya choo.

Mwaka huu baba yao amesema hakuna mjadala, tunakwenda Marangu. Wa kati amefikiria kidogo, halafu akamuuliza kama huko kuna kivuko.