Gari la zamani, AC haipoi: gesi ipi ununue?

Hapa Mbeya AC husahaulika miezi mizima, mpaka siku ya kushuka Kyela au kuteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni. Ndipo mwenye Land Cruiser au Corolla ya kabla ya 1994 anagundua upepo ni wa moto, anakimbilia kwa fundi kuulizia bei ya gesi. Fungua boneti kwanza, usome stika. Ikisema R-12, gesi ya kupoza ya zamani, usikubali kujaziwa papo hapo.

Ninayoiweka ya kwanza ni R-134a, gesi iliyochukua nafasi ya R-12, kwa sharti mfumo ubadilishwe. Oili ya zamani iliyozunguka na R-12 haichanganyiki na R-134a, kwa hiyo kompresa, inayosukuma gesi, itakosa ulainisho na kukwama. Dai oili ya kutengenezwa ya esta au PAG, draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu) na oringi mpya (pete za mpira za kuziba maungio). Zangu za zamani zilimeguka vidoleni kama mkaa. Kisha mfumo unyonywe hewa kwa nusu saa au zaidi. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, hivyo mshale wa geji ya mvuto utagota karibu na inchi 24 za zebaki, wakati Dar es Salaam hufika 29. Usimlaumu fundi wala pampu yake. Gesi ipimwe kwa mizani: asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye stika.

Ya pili ni R-1234yf, lakini hiyo ni ya magari mapya, tena ghali. Iache.

R-12 yenyewe naiweka ya tatu. Inatoboa tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, nchi zinazoendelea ziliwekewa mwaka 2010 kuwa mwisho. Mtungi unaouzwa leo kwa jina hilo unaweza kuwa na chochote ndani.

Ya mwisho kabisa ni gesi ya kupikia. Inapoza vizuri na ni ya bei nafuu, ndiyo maana watu wanashawishika. Lakini evapareta, kifaa kinachopoza upepo, iko nyuma ya dashibodi: ikivuja vioo vikiwa vimefungwa, cheche moja inatosha. Siwapandishi wanangu gari la namna hiyo.

R-134a nayo inaongeza joto duniani, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yanaipunguza taratibu. Tafuta fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi ya zamani, asiiachie hewani. Na hata baridi ya Juni, washa AC dakika 10 kila wiki: oili italowesha sili ya kompresa isikauke na kuvujisha, na mvua ya Tukuyu ikikukuta, ukungu kwenye kioo utaondoka upesi.